Waliofika Kwanza, Waliolipwa Mwisho

Alasiri ya tarehe 9 Juni 1865, treni iliyokuwa ikitoka Folkestone kwenda London ilifika Staplehurst, katika jimbo la Kent, ikakuta reli zimeng'olewa darajani. Msimamizi wa mafundi alikuwa amekosea kusoma ratiba. Alidhani treni hiyo ingepita baadaye. Mabehewa yakaporomokea mtoni. Watu 10 walikufa na wengine wapatao 40 wakajeruhiwa. Katika behewa la mbele, lililobaki likining'inia, alikuwamo mwandishi Charles Dickens, mwenye umri wa miaka 53. Alitoka mzima. Akaitumia kofia yake kuteka maji, akachukua na chupa yake ya brandi, akaanza kuwapitia majeruhi mmoja baada ya mwingine. Baadhi yao walikata roho mbele ya macho yake.

Hakuvunjika hata mfupa. Lakini katika barua zake za siku zilizofuata alilalamika kwamba mwili unamtetemeka, na kwa muda wote uliobaki wa maisha yake safari ya treni ilimtia woga wa ghafla ambao hakuweza kuuzuia. Alifariki tarehe 9 Juni 1870, miaka mitano kamili tangu siku ya ajali.

Dickens hakuwa mwokoaji wa mshahara, wala hakwenda mahakamani. Hata hivyo yaliyompata ndiyo hasa yaliyowashughulisha mawakili, madaktari na kampuni za bima kwa karne moja na nusu iliyofuata. Mtu anakwenda kuokoa wengine, anarudi bila jeraha, kisha kazi inamshinda. Nani amlipe? Na nani abebe mzigo wa kuthibitisha kwamba ugonjwa wake umetokana na kazi? Swali la kwanza lilipata jibu mapema. La pili limejibiwa juzijuzi tu, tena kwa baadhi ya watu na katika baadhi ya nchi.

Reli ndizo zilizolifikisha jambo hili mbele ya majaji. Abiria walikuwa wakitoka kwenye ajali kwa miguu yao wenyewe, halafu baada ya wiki chache hawalali, hawakumbuki, hawawezi hata kushika kalamu. Mwaka 1866 daktari wa upasuaji John Eric Erichsen, wa hospitali ya University College mjini London, alichapisha mihadhara yake kuhusu wagonjwa wa aina hiyo. Aliamini kwamba mtikisiko wa ajali huudhuru uti wa mgongo kwa namna isiyoonekana kwa macho, na mawakili wa wagonjwa wakayachukua maelezo yake mahakamani. Kampuni za reli nazo zikawa na madaktari wao. Herbert Page, daktari wa kampuni ya London and North Western, aliandika mwaka 1883 kwamba uti wa mgongo hauna hatia. Kinachowaangusha watu hao ni hofu. Hoja yake iliwafaa waajiri wake, lakini ndani yake mlikuwa na jambo ambalo kampuni hazikulipenda: kumbe hofu peke yake inaweza kumfanya mtu augue.

Majaji walikuwa wagumu zaidi. Mwaka 1886, mjini Melbourne, mlinzi wa kivuko cha reli aliwafungulia lango mume na mke waliokuwa kwenye gari la farasi, wakati treni inakuja. Waliponea chupuchupu. Treni haikuwagusa, ila mke alizimia na kuugua vibaya. Mahakama ya Victoria iliamuru alipwe. Kesi ikaenda hadi baraza la rufaa la Malkia mjini London, ambalo mwaka 1888 liliufuta uamuzi huo. Wazee wa baraza walihofia kwamba wakikubali ugonjwa uliotokana na mshtuko mtupu, mahakama zitafurika madai ya kubuni. Hofu hiyo ya mafuriko itasikika tena na tena katika historia hii, kila mara ikitolewa na kizazi kipya cha majaji na wabunge.

Ujerumani ilikuwa imeshika njia nyingine. Sheria ya bima ya ajali kazini, iliyopitishwa mwaka 1884 chini ya Otto von Bismarck, haikuuliza kosa ni la nani. Mfanyakazi akiumia kazini analipwa kutoka mfuko uliochangiwa na waajiri. Naye, kwa upande wake, haki ya kumshtaki mwajiri inamtoka. Uingereza ilitunga sheria yake ya fidia mwaka 1897, na jimbo la Wisconsin nchini Marekani likafuata mwaka 1911. Mapatano hayo ndiyo msingi wa fidia ya wafanyakazi hadi leo. Yaliandikwa huku watunga sheria wakifikiria mkono ulionaswa na mashine au mguu uliopondwa na kifusi cha mgodini, vitu ambavyo daktari anaweza kuvipima na karani akavipangia bei.

Mwaka 1889 daktari wa Berlin, Hermann Oppenheim, alitoa kitabu kuhusu magonjwa ya neva yanayofuata ajali, na mwaka huohuo Ofisi ya Bima ya Dola ikakubali kwamba magonjwa hayo yanaweza kulipiwa fidia. Ujerumani ikawa mbele ya wenzake kwa miongo kadhaa. Lakini madaktari wengi walianza kunung'unika. Walidai kwamba mgonjwa haugui kwa sababu ya ajali, anaugua kwa sababu ya pensheni. Mnyime pensheni na atapona. Vita Kuu ya Kwanza iliwaongezea nguvu, kwa kuwa maelfu ya askari walirudi wakitetemeka na serikali haikuwa na fedha. Mwaka 1926 Ofisi ya Bima iligeuka na kuifunga njia iliyokuwa imeifungua yenyewe. Kwa upande wa Uingereza, daktari Charles Myers alikuwa ameandika mwaka 1915, katika jarida la Lancet, juu ya askari waliopatwa na mshtuko wa mizinga. Nako ubishi ulikuwa uleule: hawa ni wagonjwa au ni waoga?

Aliyebadili sura ya jambo hili kwa waokoaji alikuwa msafisha madirisha. Jioni ya tarehe 4 Desemba 1957, kukiwa na ukungu mzito, treni iligonga nyingine iliyokuwa imesimama huko Lewisham, kusini-mashariki mwa London, na daraja la reli lililokuwa juu yao likaporomokea mabehewa. Watu 90 walipoteza maisha. Bwana Chadwick aliishi karibu na hapo. Alikimbilia eneo la ajali, na kwa kuwa alikuwa mdogo wa umbo, madaktari walimtuma kupenya ndani ya mabaki, mahali ambapo wao hawakuweza kupita, akawadunge sindano majeruhi waliobanwa. Alifanya kazi hiyo hadi alfajiri. Baada ya hapo hakuwa mtu yule yule. Alilazwa hospitali miezi kadhaa kwa ugonjwa wa neva, hakurudi tena kwenye kazi yake kama zamani, na mwaka 1962 akafariki kwa sababu nyingine. Mjane wake ndiye aliyeendelea na kesi. Mwaka 1967 Jaji Waller aliamua kwamba Shirika la Reli lilipe: mtu anayesababisha ajali kwa uzembe anapaswa kujua kwamba watu watakuja kuokoa, na kwamba wanaweza kuumizwa na watakayoyaona.

Marekani nako mahakama zilikuwa zimeanza kulegea. Huko Texas, fundi mmoja alikuwa juu ya jukwaa la ujenzi wakati upande mmoja ulipoachia. Mwenzake alianguka hadi chini na kufa. Yeye alinaswa na kamba, akaokoka na michubuko midogo. Alipojaribu kurudi kazini alikuta hawezi kupanda juu tena. Kampuni ya bima ilisema sheria ya jimbo inalipia madhara ya mwili tu. Mwaka 1955 Mahakama Kuu ya Texas ilijibu kwamba mwili wa mfanyakazi ni pamoja na neva zake.

Kisha mwaka 1980 ugonjwa ukapata jina rasmi. Toleo la tatu la mwongozo wa Chama cha Wataalamu wa Magonjwa ya Akili cha Marekani liliingiza msongo wa baada ya kiwewe, baada ya miaka ya shinikizo la maveterani wa vita vya Vietnam na madaktari waliowaunga mkono. Mgonjwa sasa alikuwa na orodha ya dalili za kumwonyesha hakimu: ndoto za kutisha, picha za tukio zinazorudi mchana kweupe, kukwepa mahali na sauti fulani, kushtuka kwa jambo dogo. Lakini maelezo ya mwongozo huo yalikuwa na mtego. Yalizungumzia tukio lililo nje ya mambo ya kawaida ya binadamu. Kwa mtumishi wa posta, kuona maiti iliyoungua ni jambo la nje ya kawaida. Kwa askari wa zimamoto, mawakili wa waajiri wangesema, hiyo ni Jumanne.

Mtego huo ulinasa watu wengi. Katika jimbo la New York, anayedai fidia kwa msongo wa kazi alitakiwa kuonyesha kwamba aliyokutana nayo yalizidi yale ya kawaida katika mazingira ya kazi yake. Pennsylvania nayo ilidai mazingira ya kazi yasiyo ya kawaida. Kadiri kazi ilivyokuwa ya kutisha ndivyo ilivyokuwa vigumu kulipwa kwa ajili ya kutisha kwake.

Uingereza ilikuwa na kitendawili chake. Tarehe 15 Aprili 1989, kwenye uwanja wa Hillsborough mjini Sheffield, polisi waliruhusu umati kuingia katika vizimba vya mashabiki vilivyokuwa vimejaa tayari. Waliokufa kwa msongamano huo wamefikia 97, wa mwisho akiwa amefariki mwaka 2021. Ndugu wa marehemu walifungua kesi kwa mshtuko walioupata, na mwaka 1991 Malodi, ambao wakati huo ndio waliokuwa mahakama ya mwisho nchini, wakawakatalia. Mmoja wa waliokataliwa alikuwa uwanjani siku hiyo na alipoteza kaka zake wawili. Baadaye wakaja askari polisi wenyewe, waliobeba maiti na kujaribu kuwapulizia pumzi watu waliokuwa wameshakufa. Mkuu wao alikiri uzembe wa jeshi lake, na mwaka 1996 Mahakama ya Rufani iliwapa ushindi.

Nchi ikafoka. Itakuwaje askari walipwe na wafiwa wasilipwe? Mwaka 1998 Malodi waliutengua ushindi huo. Lord Hoffmann alieleza waziwazi kwamba mwananchi wa kawaida angeona si haki kwa askari kupewa fidia wakati ndugu wa marehemu wamenyimwa. Kuanzia hapo, kuwa mwokoaji hakukutosha tena; aliyedai alitakiwa aonyeshe kwamba yeye mwenyewe alikuwa hatarini au aliamini yuko hatarini. Mantiki ya kesi ya msafisha madirisha wa Lewisham ilibanwa ikabaki nyembamba. Badala ya kuwapandisha wafiwa, sheria iliwashusha waokoaji, na wote wakawa sawa kwa kutokupata kitu.

Kule Pennsylvania, alfajiri moja ya mwaka 2006, askari wa doria alikuwa akiendesha gari kwenda kazini kwenye barabara kuu. Mwanamke aliyevaa nguo za giza alikimbilia mbele ya gari lake, kwa makusudi kama ilivyojulikana baadaye. Askari alishuka, akajaribu kumpulizia pumzi pale barabarani huku akiyaelekeza magari mengine yasimkanyage. Mwanamke alikufa. Askari alijaribu kurudi kazini akashindwa. Hoja ya mwajiri ilikuwa kwamba askari amefundishwa kukabiliana na vifo, hivyo tukio hilo ni sehemu ya kazi. Kesi ilipanda ngazi kwa ngazi hadi mwaka 2013, ambapo Mahakama Kuu ya jimbo ilisema kwamba mafunzo yoyote yale hayamfanyi mtu kugongwa na gari lako kwa hiari yake kuwa jambo la kawaida. Askari alishinda, lakini baada ya takriban miaka saba, na kanuni yenyewe ikabaki palepale.

Mwaka huohuo wa 2013 mwongozo wa madaktari ulitoa toleo la tano. Kigezo cha tukio lisilo la kawaida kilikuwa kimeshaondolewa katika toleo la 1994. Toleo jipya lilikwenda mbali zaidi, likawataja waokoaji wanaokusanya mabaki ya binadamu na polisi wanaosikia mara kwa mara undani wa kesi za watoto waliodhulumiwa. Tiba ilikuwa imekubali kwamba kiwewe kinaweza kujilimbikiza zamu baada ya zamu, hata kama hakuna siku moja ambayo mtu anaweza kuinyooshea kidole.

Waliogeuza mambo kisheria ni Wakanada. Mwezi Desemba 2012 Alberta ilikuwa jimbo la kwanza kuweka dhana mpya kwa polisi, zimamoto na wahudumu wa magari ya wagonjwa: mmoja wao akithibitishwa na daktari kuwa na msongo wa baada ya kiwewe, sheria inachukulia kwamba kazi ndiyo chanzo, na anayepinga ndiye atafute ushahidi. Mzigo ulihamia upande wa pili wa meza. Ontario ilichelewa. Sheria yake ya zamani ilitaka tukio la ghafla na lisilotarajiwa, kana kwamba kuna mhudumu wa gari la wagonjwa asiyetarajia damu. Mbunge Cheri DiNovo aliwasilisha muswada wa kuibadili mara kadhaa kabla serikali haijaleta wake, uliopitishwa Aprili 2016. Ulijumuisha pia askari magereza na wapokea simu za dharura, watu ambao hawaoni ajali ila huisikia yote, kuanzia kilio cha kwanza mpaka simu inaponyamaza. Manitoba ilikuwa imeshatangulia mwezi Januari mwaka huo kwa kuwapa dhana hiyo wafanyakazi wote.

Florida ilichagua kipimo kingine. Tangu 2007 waokoaji wake wasio na jeraha la mwili waliweza kulipiwa matibabu, ila si mshahara waliokosa. Halafu tarehe 12 Juni 2016 watu 49 waliuawa kwa risasi katika klabu ya usiku ya Pulse mjini Orlando. Askari waliokaa humo na maiti kwa saa nyingi walisimulia jinsi simu za marehemu zilivyokuwa zikiita mifukoni, jamaa wakitafuta habari zao. Muswada wa kuwalipa waokoaji mishahara ulikwama hadi Februari 2018, pale watu 17 walipouawa katika shule ya sekondari huko Parkland. Mwezi uliofuata Gavana Rick Scott aliutia saini.

Sheria hiyo imejaa vipimo. Inaorodhesha matukio 11 yanayostahili, na mwokoaji lazima atoe ushahidi ulio wazi na wa kushawishi. Baadhi ya matukio yanahusu mtu aliyepata madhara yanayoshtua dhamiri, kwa hiyo idara ya serikali ikalazimika kueleza madhara hayo ni yapi. Kanuni zake zinataja kichwa kukatwa, jicho kung'oka, matumbo kutoka nje, ngozi kuchunika, mwili kuchomwa na kitu kikapenya, ubongo au moyo kuonekana. Karani anayepokea dai hukaa na orodha hiyo mezani na kulinganisha. Mwokoaji aliyekaa miaka ishirini akiona mambo yasiyofikia kiwango hicho anaweza kuwa na ugonjwa uleule na asiwe na kisanduku cha kuweka alama.

Afrika Mashariki iliingia katika historia hii kwa njia ya ukoloni. Sheria za fidia zilizowekwa na Waingereza Kenya na Tanganyika zilikuwa za ukoo wa ile ya 1897, na zimekuja kubadilishwa karne hii: Kenya kwa sheria ya mwaka 2007, Tanzania kwa sheria ya 2008 iliyozaa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Mwaka 2010 Shirika la Kazi Duniani liliingiza msongo wa baada ya kiwewe katika orodha yake ya magonjwa yatokanayo na kazi. Lakini mfumo wowote wa fidia ya wafanyakazi humtambua aliyeajiriwa, na bomu lilipolipuka ubalozi wa Marekani mjini Nairobi tarehe 7 Agosti 1998, na kuua watu 213, waliofika kwanza kwenye kifusi walikuwa wapita njia. Hao walikuwa katika nafasi ya Bwana Chadwick, bila mwajiri wa kuandikiwa barua.

Connecticut ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi jinsi mipaka hii inavyochorwa na kufutwa. Mwaka 1993, kwa kutaka kupunguza gharama za bima, bunge la jimbo liliondoa kabisa fidia ya ugonjwa wa akili usiotokana na jeraha la mwili. Baadaye likaruhusu vighairi vichache: askari polisi aliyetumia silaha ya kuua au aliyeshambuliwa nayo, na mtu wa zimamoto aliyeshuhudia kifo cha mwenzake kazini. Ndipo tarehe 14 Desemba 2012 mtu mwenye bunduki akaingia shule ya msingi ya Sandy Hook, akaua watoto 20 na watu wazima 6. Askari walioingia madarasani hawakufyatua risasi hata moja. Muuaji alikuwa amejiua. Kwa herufi ya sheria, askari anayempiga risasi mhalifu alikuwa na haki ya fidia, na askari aliyewakuta watoto 20 wamekufa hakuwa nayo.

Bunge lilijibu mwaka 2013 kwa kuanzisha mfuko maalumu wa Sandy Hook, uliotegemea michango ya watu binafsi. Sheria yenyewe haikuguswa. Miji na halmashauri, ambazo ndizo zinazowaajiri askari na kubeba bili, zilipinga mwaka hadi mwaka kwa sababu ya gharama. Maafikiano yalipatikana mwaka 2019, miaka sita na nusu baada ya mauaji: polisi, zimamoto na maafisa wa wafungwa walio nje kwa masharti watalipwa ikiwa wameona maiti ya mtoto, wameshuhudia kifo, au wamembeba majeruhi ambaye baadaye alikufa. Malipo yalikomea wiki 52. Wahudumu wa magari ya wagonjwa, wapokea simu za dharura na askari magereza waliongezwa baadaye.

Hata hapo walibaki watu ambao hawakuwa kwenye orodha yoyote. Pale Sandy Hook, kabla polisi hawajafika, walimu walikuwa wamewafungia watoto vyumbani na makabatini, na waliouawa wakijaribu kumzuia mtu yule walikuwa mkuu wa shule na wenzake. Mwalimu aliyetoka hai akiwa na kiwewe hakuwa mwokoaji kwa tafsiri ya sheria. Mwaka 2023 bunge la Connecticut liliondoa orodha ya kazi na kubakiza orodha ya matukio, na kuanzia tarehe 1 Januari 2024 mfanyakazi yeyote wa jimbo hilo, awe wa dukani au wa darasani, anaweza kudai ikiwa tukio lililompata kazini ni miongoni mwa hayo. Kikomo cha wiki 52 hakikuondolewa.